Mwaka Nilipokuwa Pazia

Tulipomaliza kumzika mama mkubwa, mwezi uliopita, tulirudi nyumbani kwake Makole, hapa Dodoma, kukaa matanga, nami nikajikuta nimeketi kwenye kona ya sebule ambako zamani ilikaa televisheni. Sikuichagua. Waombolezaji walikuwa wengi, mikeka imejaa, na nafasi iliyobaki ilikuwa hiyo. Amosi, mjukuu wa marehemu, kijana ambaye siku hizi anajulikana kwa kuandika mtandaoni kuhusu filamu nzuri zilizopita bila watu kuzitazama, alikuja akachuchumaa mbele yangu akiwa na kikombe cha chai. "Shangazi," akasema, "kila mwisho wa mwaka huwa naandika filamu zilizopuuzwa mwaka huo. Safari hii nataka nianze na za zamani. Nasikia wewe ndiye uliyekuwa mtaalamu wa filamu nyumba hii." Kabla sijajibu, binamu yangu mmoja aliyekuwa akimenya vitunguu mlangoni akadakia, "Mtaalamu gani! Huyo alikuwa Pazia." Wale wa umri wetu wakacheka, kile kicheko cha msibani cha kuzibwa na kiganja, na mimi nikacheka nao. Lakini uso uliniwaka moto na chai ikanishinda. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, nimeona haya mbele ya kijana kwa sababu ya neno nililodhani limekwisha sahauliwa.

Nilimwambia Amosi nitamwandikia, na ndiyo haya ninayoandika. Sitaeleza nilifikaje kuishi kwa mama mkubwa, maana hiyo ni habari ndefu na haina utamu. Ilikuwa mapema miaka ya tisini, nimemaliza kidato cha nne, sina kazi wala shule. Biashara zilikuwa zimefunguliwa. Vitu tulivyokuwa tukivipangia foleni utotoni, sasa vilimwagwa barabarani juu ya maturubai, na watu walisimama wakinusa sabuni moja baada ya nyingine kama wanaochagua mchumba. Huku bara hatukuwa bado na kituo cha televisheni, kwa hiyo aliyenunua televisheni alilazimika kununua na deki ya kuchezea kanda, la sivyo alikuwa amenunua kabati la kioo. Baba mkubwa, mume wa mama mkubwa, alikuwa dereva wa ofisi moja ya serikali. Vyombo hivyo viwili alivipata kwa mfanyabiashara aliyetoka navyo Dubai, na kasha la kanda alipewa na mtaalamu mmoja wa maji, mgeni aliyekuwa akirudi kwao baada ya baba mkubwa kumzungusha vijijini kwa muda mrefu. Tukawa na sinema yetu.

Sebule yenyewe ilikuwa ndogo, sakafu nyekundu iliyosuguliwa hadi kuteleza, makochi yamevishwa vitambaa vya kudarizi ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuviegemea kwa kichwa chenye mafuta. Dirisha lilikuwa halifunguliwi miezi ya upepo kwa sababu ya vumbi. Jioni, na Jumapili baada ya ibada, majirani walikuja na watoto wao, wakaja na wageni wao, na siku za vikao vya Bunge wakaja hata makarani wa kutoka Dar es Salaam waliopanga vyumba mtaani kwetu. Mimi ndiye niliyepitisha karanga za kuchemsha, na wakati wa msimu, zabibu kwenye beseni. Bibi, mama yake mama mkubwa, aliketi mbele kuliko wote. Alikuwa ametoka Mvumi, amepasuliwa jicho moja hospitalini huko, akaja kwetu kupumzika. Alipoingia mtu, hata kama ni karani mwenye tai, Bibi alisema "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kwa sauti ya mwenye nyumba, na karani wa watu akabaki anatabasamu bila kujua ajibu nini. Baba mkubwa ndiye aliyepata tabu. Kwa Wagogo wa rika lao mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake, basi yeye, mwenye televisheni, aliweka kiti kwenye ujia, nyuma ya pazia la mlango, akatazama kwa kulisogeza kwa kidole kimoja. Ngumi nzuri ikipigwa tulimsikia huko nyuma, "Eeh!" na Bibi akajifanya hakusikia kitu.

Siku ya kwanza kuwekwa kanda ya lile kasha ndiyo iliyonipa kazi. Mchungaji na mkewe walikuwepo, majirani walikuwepo, na Bibi na jicho lake lililofungwa. Filamu ilianza vizuri. Watu wanalima, watu wanakula, watu wanagombana kuhusu mbuzi. Mara mwanamume na mwanamke wakasimama dirishani, wakasogeleana, na kabla hatujajiweka sawa wameshagusana vinywa. Mchungaji alikitazama kiatu chake. Nyuma ya pazia baba mkubwa alikohoa kama mtu aliyepaliwa na mfupa. Ndipo mama mkubwa aliporuka kutoka kwenye kochi, akavuta kanga yake mabegani, akaitandaza mbele ya kioo kwa mikono yote miwili, mwenyewe ametugeukia sisi. "Mvua ya mwaka huu sijui itakuwaje," akasema. Watu walimshukuru kwa macho, wakaanza kuzungumza habari za mvua. Dodoma mvua ni jambo kubwa, mtu anaweza kuizungumza muda wowote bila kuonekana anazuga. Mmoja alisema uwele wake umeota vibaya, mwingine akasema mawingu yanapita tu kwenda Morogoro, na mama mkubwa akawa anachungulia nyuma ya bega lake mpaka aliporidhika kwamba hatari imepita.

Kesho yake aliniita jikoni. "Wewe asubuhi huna kazi," akaniambia. "Uwe unazitazama kwanza, peke yako. Ujue pabaya ni wapi. Jioni ukiona panakaribia, unasimama na kanga. Mimi sitaki tena kuruka kama mbuzi mbele za watu."

"Sasa mama mkubwa, mimi si nitaona?"

"Utaona nini, mtoto wewe? Utafumba macho."

"Nikifumba nitajuaje kama pameisha?"

Alifikiri, akakoroga mlenda, akafikiri tena. "Basi fumba kidogo," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Asubuhi, mama mkubwa akienda kwenye kibanda chake cha nyanya na Bibi akiota jua nje, nilivuta mapazia, nikakaa sakafuni na kanda. Nilijifunza kazi upesi. Kwenye filamu za wenzetu wanaume huvua saa ya mkononi kwanza. Wanawake hufungua nywele. Ukisikia kinanda peke yake bila ngoma, kaa tayari. Kila kanda ilikuwa na alama yake, nami nilizishika zote kichwani, taa inayozimwa, mlango unaofungwa kwa mguu, glasi inayowekwa mezani bila kunywewa. Jioni nilisimama kwa wakati, kanga nimeitandaza nyuma yangu kama mwewe, uso nimewaelekezea wageni, macho chini. Joto la kioo nililisikia mgongoni. Nilipoketi, mvua iliisha na filamu ikaendelea. Watoto wa mtaa ndio walionipa jina. Nikienda bombani waliimba, "Pazia! Pazia! Leo kuna kuziba?" Mimi niliona fahari, ninakiri. Niliona nimekabidhiwa heshima ya nyumba.

Sasa nije kwenye filamu zenyewe, maana ndizo alizoniuliza Amosi. Watu wa Makole walitaka karate na filamu za Kihindi, na hizo tulikodi dukani. Kasha la mtaalamu wa maji lilitumika zikikosekana. Hazikuwa na ngumi wala nyimbo, na nyingi zilikuwa za lugha nisizozijua, maneno ya Kiingereza yakipita chini, nami nikiyafuata kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Hakuna aliyezipenda. Watu walisinzia, wakaaga mapema. Lakini mimi nilizitazama asubuhi, nikiwa peke yangu, na asubuhi filamu ya polepole si adui. Kulikuwa na moja ya fundi redio katika mji utakaozamishwa na bwawa. Kila mtu anahama, yeye anabaki akimalizia redio za watu waliokwisha kuondoka, na mwishowe anazipakia zote kwenye mkokoteni akizipeleka kwa wenyewe, zote zikiwa zimewashwa. Kulikuwa na nyingine ya dada wawili waliorithi tanuri la mikate na hawasemeshani, wanakanda unga meza moja filamu nzima, na ukitaka kujua nani amekasirika unatazama jinsi anavyoupiga ule unga. Majirani walisema, "Hii ya kukanda unga hata nyumbani ipo." Ni kweli ipo, na ndiyo sababu niliipenda. Amosi, kama utazipata hizo, zitazame. Majina siwezi kukupa, karatasi zake zilibanduka zamani.

Na kulikuwa na ile ya wazee. Bwana na bibi, nchi ya mawe na milima, bwana amepooza upande mmoja hasemi. Mkewe anamhudumia. Hakuna kingine kinachotokea, labda jirani anakuja kuazima ngazi. Katikati ya filamu mke anamtoa mume uani, anamkalisha kwenye kigoda, anachemsha maji, anayapima kwa kiwiko kama tunavyopima maji ya mtoto mchanga, kisha anamvua nguo zote, anamwosha. Huku akimwosha anamweleza bei ya vitunguu sokoni. Mara ya kwanza kuiona nililia peke yangu sebuleni na sikujua ninalia nini. Lakini sheria ya mama mkubwa ilikuwa wazi, mtu akivuliwa nguo pazibwe, basi nikakishika kile kiwiko kuwa ndiyo alama.

Elia ndiye mtu pekee aliyebaki macho kwenye filamu za kasha. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kimoja hapo mjini, kwao Kibaigwa, ambako baba yake alinunua mahindi na kupakia malori. Aliketi karibu na mlango, magoti yamekunjwa, na wengine wakiaga yeye aliuliza, "Inaisha vipi?" nami nikamwambia, au nikamwambia asubiri aone. Ilianzia hapo. Tulizungumza habari za yule fundi redio kama wengine wanavyozungumza habari za ndugu zao. Alipomtuma mjomba wake na barua ya uchumba, mama mkubwa aliisoma amesimama, akaketi, akaisoma tena, na jioni hiyo alinipikia kuku. Nilimpenda Elia. Sioni sababu ya kulizungusha hilo kwenye umri huu. Nilitaka kuolewa naye kuliko kitu chochote nilichopata kukitaka.

Ikabaki mama yake aje anione. Alikuja Jumapili na yule mjomba na dada yake mmoja, wamevaa vitenge vipya, vumbi la barabara ya Kibaigwa limewakaa kwenye nyusi. Nilipiga magoti nikawaamkia, "Shikamoo mama," akaitika "Marahaba, mwanangu," akanishika kidevu akanitazama meno na macho, akacheka. Alinipenda, niliona. Alikula ugali wetu wa uwele, akasifu mlenda, akauliza nani kaupika, na mama mkubwa akasema kwa kujivuna, "Si huyuhuyu." Akauliza kama ninajua kuuza, kwa kuwa nyumba yao ni ya sokoni, nikasema nimemsaidia mama mkubwa nyanya, akaitikia kwa kichwa. Kisha mjomba akasema wamesikia habari za sinema ya nyumba hii. Mama mkubwa alinigeukia. "Tuwekee moja ya heshima," akasema, "isiyo na fujo." Elia aliyekuwa mlangoni akasema kwa sauti ya chini, "Ile ya wazee." Mimi pia nilikuwa nimewaza hiyohiyo. Tulidhani tunawapa kitu kizuri.

Waliitazama kwa utulivu. Mama Elia hakusinzia. Mke yule alipomlisha mumewe uji na kumpangusa kidevu, alipumua akasema, "Ndiyo ndoa hiyo," na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Kigoda kikawekwa uani. Maji yakachemka. Mke akainama juu ya beseni, akakunja mkono wa gauni lake, akatumbukiza kiwiko, na mimi nikasimama. Nilifika mbele ya kioo, nikaitandaza kanga, nikainamisha macho. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi mno kiasi kwamba miguu ilikwenda yenyewe. Majirani waliokuwepo, ambao wamezoea, wakavuta pumzi waanze habari za mvua.

"Ziii, ngoja kwanza," Mama Elia akasema. "Kuna nini? Mama wa watu si anapima maji tu?"

Akanigeukia mimi.

"Binti, mbona umesimama? Umejuaje kuna kitu kinakuja?"

Nilimtazama. Hakuuliza kwa ubaya, alitaka kujua tu, na ndipo nilipoona jibu linakuja usoni mwake kabla sijafungua mdomo. "Kumbe umekwisha kuiona," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Peke yako?"

"Ndiyo, mama."

Akawatazama majirani waliokaa tayari na mvua yao midomoni, akaelewa kwamba si mara ya kwanza. "Na hizo nyingine zote unazozibia watu," akasema polepole, "unaziona kwanza wewe?"

Nilimgeukia mama mkubwa. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba sikuwa na hofu hata kidogo, kwa sababu mama mkubwa alikuwa pale. Alikuwa na neno moja tu la kusema. Angesema, mimi ndiye niliyemtuma. Angesema hivyo, watu wangecheka, Mama Elia angemgombeza kidogo kama wanawake wa rika moja wanavyogombezana, na mambo yangekwisha. Nyuma ya pazia la mlango baba mkubwa alikohoa, kidole chake nikakiona kwenye ukingo wa kitambaa, lakini Bibi alikuwa humu ndani na yeye hakuweza kuingia. Elia alikuwa anatazama sakafu. Mama mkubwa alikunjua kitambaa cha mkono wa kochi, akakinyoosha, akakilaza vizuri.

"Mvua ya mwaka huu imechelewa kwelikweli," akasema.

"Imechelewa," jirani mmoja akaitikia.

Mikono yangu ilikuwa bado imeinuliwa. Sikujua niishushe au niiache, kwa sababu nikiishusha watamwona mzee wa watu uchi, na nikiiacha nitaendelea kuonekana nilivyo. Niliiacha. Nilisimama hivyo, nikinuka jasho langu mwenyewe mbele ya mama mkwe wangu, na nyuma yangu nikamsikia yule mke akitaja bei ya vitunguu kwa lugha yake. Nimepata aibu nyingine maishani, baadhi nilizistahili. Hakuna iliyonivua kama ile. Waliaga kwa adabu, wakachukua zabibu walizofungiwa, na Mama Elia hakunishika tena kidevu.

Majibu aliyaleta mjomba. Alikataa kuketi. Alisema binti ni mzuri, ana adabu, anajua kupika, wao hawana neno baya. "Ila mama yake Elia anasema, binti amekwisha kuona mambo mengi." Elia mwenyewe alikuja siku iliyofuata, akasimama nje ya uzio na baiskeli.

"Nimewaeleza," akasema. "Nimewaambia ni kazi ya nyumbani, ulipewa."

"Wakasemaje?"

"Mama anasema, mbona hakuna mtu wa kwenu aliyesema hivyo?"

"Na wewe unasemaje, Elia?"

Alichezea kengele ya baiskeli. Kijana huyu alitazama kanda za kila aina na wenzake kule chuoni, kwenye chumba ambamo hakuna aliyesimama mbele ya kioo, na hakuna mtu Kibaigwa aliyemuuliza ameona nini. "Mimi bado nasoma," akasema. Nilirudi ndani nikasonga ugali, nao ukatoka na mabuje, na hakuna aliyelalamika.

Asubuhi yake mama mkubwa hakwenda kwenye nyanya. Nilimkuta amekaa sebuleni, kochi la mbele alipozoea kukaa Bibi, mikono mapajani. "Niwekee ile kanda," akasema. "Na usizibe." Nikaiweka, nikaipeleka mbele mpaka pale pa uani, nikakaa sakafuni karibu na miguu yake. Aliitazama yote. Mke alimvua mume shati, akamvua suruali kwa kumwinua kidogokidogo, akamwosha mgongo uliopinda, kwapa, vidole vya miguu kimoja kimoja, akamfunika taulo, akambusu utosini kama mtoto. Haikuwa ndefu. Mama mkubwa alisogeza uso mbele kama anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo, mama mkubwa."

"Mbona hakuna kitu?"

"Hakuna kitu."

Machozi yalimjaa, nikayaona, na nilikuwa na miaka ya kutosha kujua hayakuwa ya yule mzee. Nikasubiri. Nilidhani sasa atainuka, atajifunga kitenge, atapanda gari la Kibaigwa akawaambie. Nilikuwa tayari kumfungia hata karanga za njiani.

"Sasa ulisimama kwa nini?" akaniuliza.

"Kwa sababu ulinituma."

Alifuta macho kwa ncha ya kanga, akainuka, akaizima deki yeye mwenyewe, kitu ambacho hajawahi kukifanya. Akatembea mpaka mlangoni akasimama, amenipa mgongo.

"Jioni mchungaji anakuja na wageni," akasema. "Utafute kanga nyingine. Hiyo yako inapitisha mwanga."

Nilikwenda chumbani nikapekua kwenye kapu, nikachagua iliyo nzito.